Sura ya Tano: Wewe Uliyeletwa

Wanaofika kituo cha tiba kwa miguu yao, bila mtu nyuma yao, ni wachache. Wengi wameletwa. Mmoja kaletwa na kaka zake wawili na binamu mwenye gari, baada ya kuambiwa wanakwenda kumjulia hali shangazi. Mwingine kaja na karatasi ya hakimu. Mwingine ana barua ya mwajiri: tiba au kazi, achague. Yuko aliyeletwa na mke ambaye amekwisha kufunga mizigo ya watoto. Hata yule anayejisifu kuwa amekuja kwa hiari, kaa naye jioni moja barazani, atakusimulia habari ya mama aliyelia mbele ya majirani au rafiki waliyemzika karibuni.

Sura hii ni ya aliyeletwa. Mazungumzo mengi kuhusu tiba yanaanzia pale mtu anapotaka kuacha, kana kwamba wote wanataka. Wewe hujataka, au hujui kama unataka, au unataka siku hii na kesho hutaki. Na bado uko ndani, simu yako iko kwenye droo ya ofisini, na kijana mdogo kwako kwa miaka kumi anakwambia saa ya kulala.

Hasira yako ina msingi. Umejadiliwa kwenye kikao ambacho hukuwepo. Pengine umedanganywa. Pengine umefungwa mikono. Mwanasaikolojia wa Kimarekani Jack Brehm aliandika mwaka 1966 kuhusu tabia hii ya binadamu: mtu akinyang'anywa uhuru wa jambo, jambo lile humzidia thamani, na nguvu zake zote huelekea kuurudisha uhuru ule. Ndiyo maana mtu aliyekuwa amechoka kabisa na unga, yaani heroini, aliyekuwa akijisemea kila asubuhi kuwa leo ni mwisho, akifungiwa mlango usiku wa kwanza anautamani kuliko alivyoutamani mwezi mzima. Anadhani ameipenda tena ile dawa, kumbe anautaka mlango. Na pamoja na hasira hiyo, inawezekana kabisa waliokuleta wamekuokoa usife. Mambo yote mawili yana ukweli wake, na hulazimiki kuchagua moja leo.

Kwanza mwili, maana mwili hausubiri uamuzi wako.

Kama ulikuwa unatumia heroini, arosto, yale mateso ya mwili uliokatishwa dawa, itaanza ndani ya nusu siku au siku moja tangu kete ya mwisho. Kamasi na machozi, miayo isiyokwisha, vipele vya baridi juani, maumivu ya mifupa na vigimbi vya miguu, kuhara, kutapika. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Baada ya wiki, makali yanapungua, ingawa usingizi unaweza kuchukua wiki kadhaa kurudi. Kwa mtu ambaye hana maradhi mengine, arosto ya heroini ni nadra kuua, ila kuhara na kutapika bila kurudisha maji kunaweza kuua, kwa hiyo kunywa maji hata kama yanatoka. Na usiamue jambo lolote kubwa usiku wa pili au wa tatu. Kuruka ukuta, kumpa mkeo talaka kwa simu ya kuazima, kuapa kwamba hutamsamehe kaka yako: yote hayo yaahirishe mpaka umelala usingizi wa kweli.

Pombe ni habari nyingine, na vidonge vya valium vilevile. Hapa kuna hatari ambayo familia nyingi haziijui. Mtu aliyekunywa gongo au chang'aa kila siku kwa miaka, akikatishwa ghafla bila dawa, anaweza kupata degedege, kuweweseka na kuona visivyokuwepo, na anaweza kufa. Maji ya baridi kichwani hayazuii degedege. Kisomo hakizuii degedege, ingawa kisomeni. Kinachozuia ni dawa ya daktari inayopunguzwa kidogo kidogo. Sasa, wewe umeletwa kwa ajili ya unga, na nyumbani hawajui kwamba ulikuwa unashushia na vidonge au chupa. Waliokuleta wamekaa hapo hapo ofisini wakati unaulizwa maswali, unaona aibu, unasema unga tu. Usifanye hivyo. Sema, "Naomba nizungumze na nesi peke yangu," kisha mwambie kila kitu na kiasi chake. Mwambie pia kama unatumia dawa za kifua kikuu au ARV, na usikubali zikatishwe hata siku moja. Ukweli huo humpi mtu zawadi. Unaulinda moyo wako usisimame.

Ukishapata nafuu ya mwili, lijue agizo lenyewe. Wengi wanakaa miezi kituoni wakigombana na kitu ambacho hawajawahi kukisoma.

Uliza ni nani hasa aliyekuleta: mahakama, kazi, au nyumbani. Havilingani. Nchini Kenya, sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inampa hakimu uwezo wa kumpeleka kituo cha matibabu mtu aliyetiwa hatiani akionekana ni mraibu. Mtu wa namna hii akiondoka kabla ya wakati, anarudi mbele ya hakimu yule yule, na hapo hakuna mjadala wa hisia. Agizo la mwajiri ni la mkataba: ukilivunja unapoteza kazi, hufungwi. Familia nayo ina nguvu kubwa, ina nyumba, chakula, mapenzi na machozi, lakini kwa mtu mzima nguvu hiyo si amri ya mahakama. Jua uko katika lipi. Kisha uliza mpaka lini, na nini kitahesabiwa kuwa umemaliza. Ni siku, ni vipimo vya mkojo, ni mahudhurio? Uliza nani anapelekewa taarifa na taarifa hiyo ina nini ndani. Kuna tofauti kubwa kati ya kumwandikia mwajiri kwamba umehudhuria na kumwandikia ulichokisema ulipokuwa unalia. Ukiambiwa, omba uandikiwe, au andika mwenyewe kwenye daftari na tarehe pembeni.

Kulazimishwa kuhudhuria hakumpi mtu ruhusa ya kukutesa. Minyororo, viboko, kunyimwa chakula, kufungiwa gizani, havina nafasi katika tiba yoyote, na anayekwambia ndiyo dawa ya mateja anasema uongo. Mwezi Machi 2012 mashirika kumi na mawili ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja kutaka vituo vya kuwafungia watumiaji wa dawa kwa nguvu vifungwe na badala yake iwepo tiba ya hiari katika jamii. Ukiona mateso, mwambie ndugu siku ya kutembelewa, au afisa ustawi wa jamii. Tanzania, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119. Kenya, NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ina 1192.

Wazee wamesema hiari yashinda utumwa, na kila mtu anayepinga kuletwa analo neno hilo mdomoni. Utafiti unasemaje? Mwaka 2016 watafiti walikusanya tafiti zilizopima tiba ya kulazimishwa katika nchi mbalimbali. Walizozikuta zenye ubora wa kutosha zilikuwa tisa tu. Tatu hazikuona tofauti yoyote. Mbili hazikueleweka upande gani. Mbili ziliona madhara, mbili ziliona faida. Huo si ushahidi wa kumfungia mtu mlango kwa moyo mkunjufu, na kila mzazi anayefikiria kukodi gari usiku angepaswa kuujua. Lakini kuna upande wa pili. Taasisi ya taifa ya Marekani inayochunguza matumizi ya dawa za kulevya iliandika mwaka 1999, katika kanuni zake za tiba, kwamba tiba haihitaji kuwa ya hiari ili ifanye kazi. Nchi hiyo hiyo ilikuwa na mahakama maalumu za dawa za kulevya tangu 1989, ya kwanza Miami, ambako mshitakiwa anachagua tiba chini ya jicho la hakimu kuliko jela.

Mimi nazisoma habari hizi mbili hivi: nguvu inaweza kukufikisha mlangoni, na inaweza kukuweka ndani mpaka mwili utulie. Zaidi ya hapo haina uwezo. Kazi iliyobaki inafanywa na kitu ambacho ni chako, na kama hakipo, siku ya kutoka utarudi maskani ukiwa mnene zaidi, basi. Kwa hiyo swali la aliyeletwa halianzi na "Je, nataka kuacha?" Swali hilo ni la wenzako, wamekuuliza mpaka limechakaa. Jiulize: kwa kuwa nipo hapa hata hivyo, nini ninachokitaka mimi?

Jibu linaweza kuwa dogo na lisihusiane na unga hata kidogo. Unataka jino la nyuma ling'olewe, limekuuma mwaka mzima. Unataka kulala. Unataka kumwona binti yako ambaye mama yake amekukataza mlangoni. Unataka kesi iishe. Unataka kujua kama una homa ya ini. Unataka mikono isitetemeke uweze kurudi kwenye cherehani. Chukua moja, lipeleke kwa mshauri nasaha wako, umwambie: hili ndilo langu, nisaidie nalo. Mshauri anayejua kazi yake atafurahi. Tangu William Miller aanze kuandika mwaka 1983 kuhusu namna ya kuzungumza na walevi bila kuwabana, wengi katika kazi hii wamejifunza kwamba mtu hubadilika akisikia sababu zikitoka kinywani mwake mwenyewe, na kwamba ukimsukuma upande mmoja atakujibu kwa hoja za upande wa pili. Aliyeletwa amesukumwa vya kutosha. Jino lililong'olewa kituoni ni kitu cha kwanza ambacho mahali pale pamekupa badala ya kukunyang'anya, na watu wamebaki kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Nizungumze kidogo kuhusu soba hausi, maana Zanzibar na pwani nzima wengi wanaletwa huko. Nyingi zinaendeshwa na watu ambao wenyewe walitumia na wakaacha, na hiyo ni nguvu yao: anayekugawia ubwabwa anakijua kijiko kile kingine. Siku inaanza alfajiri kwa swala, kisha usafi, kila mtu na zamu yake ya deki na vyombo, kisha kikao cha asubuhi. Msingi wake ni zile hatua kumi na mbili za chama cha walevi wa pombe kilichoanzishwa Marekani mwaka 1935, na zinakaa vizuri katika jamii ya Kiislamu kwa sababu zinamtaka mtu ajikabidhi kwa Mwenyezi Mungu. Ila hatua ya kwanza kabisa inamtaka akiri kwamba mbele ya dawa hana uwezo. Kwa mtu aliyekuja mwenyewe, neno hilo ni nafuu, anatua mzigo. Wewe umechukuliwa kwa nguvu juzi tu, umenyimwa simu, mkanda na ufunguo, halafu unaambiwa usimame mbele ya watu ishirini useme huna uwezo. Ikikukwama kooni si kwa sababu una kiburi. Usiigize. Anayeigiza hujifunza haraka maneno yanayotakiwa, anayasema vizuri kuliko wote, anapigiwa makofi, na hakuna aliyebaki wa kumsaidia kwa sababu wote wanaamini amepona. Sema ulichonacho: "Mimi nimeletwa. Sijui kama ni mraibu. Ninachojua, nimeuza pikipiki ya baba." Hayo ni ya kweli, na kikao chenye watu wazima kitayapokea. Siku nyingine ukiwa huna la kusema, sikiliza. Katika watu ishirini yumo mmoja ambaye maisha yake yanafanana na yako kuliko unavyopenda. Huyo mtafute wakati wa kuosha vyombo.

Kuna ulazima wa namna nyingine, ule wa methadoni, na huo hauna ukuta. Vincent Dole na Marie Nyswander walionyesha New York mwaka 1965 kwamba mtu wa heroini akinywa methadoni mara moja kwa siku, arosto haimjii na anaweza kuishi. Hospitali ya Muhimbili ilifungua kliniki yake Februari 2011, Mathari ya Nairobi ikafuata mwishoni mwa 2014, na Zanzibar iko Kidongo Chekundu. Mteja anafika dirishani, anataja jina au namba, mfamasia anahakikisha sura, anapima dozi kwenye kikombe kidogo. Unakunywa mbele yake. Unakunywa na maji juu yake. Kisha mfamasia anakusemesha, nawe unajibu, apate kujua kwamba hakuna kilichobaki mdomoni cha kwenda kutemwa na kuuzwa nje ya geti. Mwanzoni jambo hilo linadhalilisha, sitakudanganya. Mtu mzima, baba wa watoto, anafunguliwa mdomo. Na kesho tena, na Jumapili, na Idi. Nauli ya kwenda na kurudi kila siku inaweza kuwa nzito kuliko dawa yenyewe, ambayo ni bure. Anayefanya kibarua cha ujenzi anapaswa kuwepo saiti saa moja asubuhi, saa ile ile ambayo foleni ya dirishani ndiyo kwanza inaanza.

Haya yote ni ya kuzungumzwa na kliniki, si ya kuvumiliwa kimya mpaka siku unapoacha kuja. Uliza kama kuna dirisha la mapema kwa wenye kazi. Kama unafunga Ramadhani, uliza saa ya dozi kabla mwezi haujaandama. Uliza lini mtu huanza kupewa dozi ya nyumbani, kama utaratibu huo upo kwenye kliniki yako. Na wakianza kukuambia mtaani kwamba umebadilisha unga kwa unga wa serikali, watazame wanaosema hivyo wanalala wapi.

Kisha wako waliokuleta. Siku ya kutembelewa wanakuja na chapati na maziwa, na wewe umeandaa maneno ya kuwachoma wiki nzima. Au umeandaa kimya, ambacho kinachoma zaidi. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi, ukiyataka:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umenenepa, alhamdulillahi."

"Nimenenepa. Mama, nina neno, na naomba usikasirike. Siku ile mliniambia tunakwenda kwa shangazi. Lile ndilo linaloniuma. Kituo kinavumilika."

"Tungekwambia kweli ungepanda gari?"

"Nisingepanda. Lakini nikitoka hapa, niambieni kweli hata kama nitakataa. Nami nitafanya hivyo hivyo kwenu."

Mama anaweza kulia, anaweza kunyamaza, anaweza kukujibu kwamba wewe ulimdanganya miaka sita. Ana haki ya kusema hivyo. Hutafuti ushindi hapo; unataka siku moja nyumba ile iwe na watu wanaoambiana kweli, na mtu wa kuanza unaweza kuwa wewe. Kama mama amebeba barua yako ya mahakama kwenye mkoba, mwombe akuachie nakala.

Ninalolihofia zaidi kwa aliyeletwa ni siku ya kutoka. Miezi mitatu bila heroini, mwili umesahau. Kete ile ile uliyoizoea, kiasi kile kile ulichokuwa ukikitumia na kutembea, sasa kinaweza kukata pumzi. Wanaotoka vituoni na gerezani hufa kwa namna hii wiki za mwanzo, na wengi wao hawakukusudia kurudi moja kwa moja. Walitaka mara moja tu, kusherehekea kufunguliwa mlango. Aliyeletwa yuko hatarini zaidi kwa sababu ameihesabu siku ile kama siku ya uhuru. Nakuambia waziwazi jambo ambalo baadhi ya vituo havilisemi kwa kuogopa kuonekana vinaruhusu: kama utateleza, usiwe peke yako, usianze na kiasi cha zamani, usichanganye na pombe wala valium. Wenzako wajue kwamba mtu aliyelala akikoroma ajabu, midomo ikawa ya bluu na haamki, hamwagiwi maji wala hadungwi chumvi. Analazwa ubavu na kukimbizwa hospitali, ambako dawa ya naloksoni ikiwepo inaweza kumrudisha pumzi kwa dakika chache. Na kuteleza mara moja hakufuti miezi mitatu. Rudi siku ile ile, usisubiri uletwe tena.

Kwa hiyo, wiki moja kabla ya kutoka, nenda ofisini mwenyewe, bila kuitwa. Taka karatasi yenye mambo haya: barua ya kumaliza kwa ajili ya hakimu au mwajiri, na nakala yake ibaki kwako, majina ya dawa unazoendelea nazo, kliniki utakayohudhuria iliyo karibu na unakolala, si karibu na kituo, jina la mtu wa kumwona pale, na tarehe ya kwanza, isizidi siku chache tangu utoke. Wakikwambia utapigiwa simu, waeleze kwamba ahadi ya simu haitoshi, na ubaki umekaa kwenye kiti mpaka tarehe iandikwe.